Mtoto wa Kiangazi wa Attracta Feely

Attracta Feely alikuwa na miaka arobaini na tisa alipoandikisha jina lake kwa Mattie Cryan apewe mtoto wa kiangazi, na hakumwambia baba yake mpaka mambo yalipokwisha kuiva. Alijua atapingwa. Mzee Packie alikuwa na umri wa miaka themanini, kifua kibovu na ulimi mzima, na katika nyumba yao ya kilimani, nje kidogo ya mji wa Kilcorrin, hakuna mgeni aliyelala tangu msiba wa mama yake Attracta.

"Mtoto gani?" mzee aliuliza, kijiko cha uji kikiwa njiani.

"Wa Belarusi, Baba. Yatima. Wanaletwa huku wapumzike na ile sumu ya kinu cha nyuklia kilicholipuka. Mwezi mmoja tu."

"Mwezi mzima! Mtu mwenyewe hata paka hujawahi kufuga."

"Paka wote uliwafukuza wewe."

"Niliwafukuza kwa sababu walikuwa wezi. Na huyo ataongea lugha gani?"

"Yake."

"Basi tutaelewana," mzee akasema, akaurudia uji wake. "Hata wewe sijakuelewa tangu uzaliwe."

Ukweli ni kwamba kamati ya kuwapokea watoto hao ilisita sana kumpa. Attracta hakuwa na mume wala hakuwahi kuwa naye. Alikuwa amefanya kazi katika chumba cha dobi cha hoteli tangu amalize shule, akinyoosha mashuka ambayo wageni waliyalalia bila kumjua, na jioni alirudi kilimani kumpikia baba yake. Kaka zake wawili walihamia Boston zamani. Ila familia moja ilijitoa dakika za mwisho, na Mattie, mwenye duka la vyakula vya mifugo na mwenyekiti wa kamati, akamfuata hukohuko dobini akiwa na kofia mkononi. "Attracta, bado una kile chumba?" Akasema anacho. Alikuwa amekwisha kukipaka rangi.

Basi lilifika ukumbi wa parokia siku ya mvua ya Julai. Watoto waliteremka wakiwa wamebandikwa majina kifuani, na Mattie akawa anasoma jina la mtoto na jina la nyumba. Aliyeitwa kwa Feely alikuwa msichana wa miaka minane, mwenye mwili wa miaka sita, kichwa kimenyolewa kwa ajili ya chawa, miguuni viatu vya kiume. Jina lake Zhanna. Alimtazama Attracta kuanzia chini mpaka juu, akamshika mkono, akasema, "Mama."

Attracta aliufunika ule mkono mdogo kwa mkono wake wa pili. Mkalimani wa watoto, mwanamke mnene wa makamo aitwaye Galina, aliusoma uso wake, akamvuta kando.

"Dada, usilichukulie sana hilo neno," akasema kwa sauti ya chini. "Kule kwenye kituo cha yatima kila mlezi anaitwa mama. Anayepika ni mama. Anayewachapa ni mama. Na jambo jingine, tafadhali: usimwambie habari za mwaka ujao. Wewe mpe chakula, mpe hewa, umrudishe."

"Wazazi wake walipatwa na nini?"

"Baba alizama mtoni wakati barafu inayeyuka. Mama aliugua. Ni mtoto mzuri. Ukimwambia akae, atakaa."

Na kweli, alikaa. Siku za kwanza zilimtia Attracta uchungu asioweza kuueleza, maana mtoto hakuwa na usumbufu hata kidogo. Alinyoosha mkono kuomba maji. Alinyoosha mkono kuomba kwenda chooni. Alifua soksi zake mwenyewe kila jioni, akazianika kwenye chuma cha kitanda. Mezani alingoja mpaka wote wamalize ndipo aguse chakula, kisha akala upesi, mkono wa kushoto umeizunguka sahani. Na kila alipoingia chumba kipya aliangalia nyuma ya mlango. Wiki ya pili, alipokwisha kuokota maneno machache ya Kiingereza, ndipo Attracta alipojua anachotafuta.

"Wengine wako wapi?" Zhanna aliuliza.

"Wengine nani, mpenzi?"

"Watoto. Wengine."

"Hakuna wengine. Ni mimi na babu tu."

Mtoto alifikiri. Halafu akacheka, kwa mara ya kwanza, kama mtu aliyepigwa chenga, akakimbia kumwambia mzee kwa lugha yake, na mzee akatikisa kichwa kama anayesikia kila neno.

Zhanna na mzee ndio walioshibana. Packie alimfundisha karata na kuiba karata, na matusi matatu ya kienyeji ambayo Attracta alikuja kuyasikia mbele ya padri. Zhanna alimwita Babu. Asubuhi alimpelekea kopo la kutemea makohozi bila kuambiwa, jambo ambalo Attracta mwenyewe, mtoto wake wa kumzaa, alilifanya huku amegeuza uso. Mwezi ulipokwisha, meno yake yalikuwa yamezibwa, shavu limejaa, nywele zimeota kama velveti. Kwenye basi alimwambia Attracta "kwaheri, mama" kwa adabu ileile aliyomwambia nayo siku ya kwanza.

Mzee alirudi na Attracta garini, karata mfukoni. Walipofika uani akasema, "Yule mtoto ananidai mchezo mmoja. Mwambie Mattie amlete tena."

Akaletwa tena mwaka wa pili, na wa tatu. Ni katika kiangazi cha tatu ndipo lile neno "mama" lilipokoma. Attracta alikuwa uani anang'oa viazi, Zhanna akamwita kutoka mlangoni, "Attracta! Chungu kinamwagika!" Alisimama na matope mikononi. Hakuna mtu kule kwenye kituo aliyeitwa Attracta. Aliingia ndani akashusha chungu, na alitabasamu mpaka usiku, na mzee akamwuliza kama ameshinda bahati nasibu.

Wiki moja kabla ya kuondoka, wakiwa wanamenya maharage mabichi, Zhanna akauliza bila kuinua macho, "Mimi nakaa?"

"Unakaa wapi?"

"Hapa. Shule hapa. Baridi hapa. Mimi nafua, napika, naangalia Babu. Mimi sili sana."

Attracta hakujibu kama Galina alivyomwagiza. Alisema, "Nitauliza."

Akauliza. Alichukua ruhusa kazini akaenda mjini Sligo kwa mwanasheria, kijana mpole mwenye tai ya bluu, naye alimsikiliza mpaka mwisho kabla ya kuanza kumpinga. Mwanamke wa miaka hamsini na mmoja, asiye na mume, anayemtunza mzee mgonjwa, akiomba mtoto wa nchi nyingine ambayo haipendi kutoa watoto wake: "Sitakudanganya, mama. Tukianza leo, yule binti atakuwa ameolewa kabla hatujajibiwa. Kama ungekuwa na mume, labda. Labda, nimesema."

Attracta aliishika ile labda kama mtu anayezama anavyoshika unyasi. Kesho yake baada ya kazi aliingia dukani kwa Mattie Cryan, akangoja mteja wa mwisho atoke.

Mattie alikuwa na miaka hamsini na mitano, mseja, mama yake amefariki mwaka uliopita. Alikuwa mtu mwema. Mji mzima ulilisema hilo, na uliposema ulikuwa kama unamwonea huruma.

"Mattie," Attracta akasema, "una mpango wa kuoa?"

"Kuoa nani?"

"Mimi."

Mattie aliweka chini kalamu. Masikio yake yalianza kuwa mekundu, kisha shingo, kisha uso wote.

"Unanitania."

"Sikutanii. Si lazima uhamie kwangu. Si lazima chochote. Ni karatasi tu, ili nimwombe Zhanna. Nitakupikia Jumapili."

"Attracta, watu watasema nini?"

"Watacheka wiki moja. Halafu atakufa mtu, wataongea habari za msiba."

Mattie alicheka kidogo, Attracta naye akacheka, na kwa muda mfupi ilionekana kama jambo hilo linawezekana. Halafu Mattie akatazama kaunta yake, mizani yake, kalenda ya mbolea ukutani, maisha yake yote yaliyopangwa vizuri.

"Mimi siwezi kumdanganya padri," akasema. "Na siwezi kuoa kwa karatasi. Ungekuja kwa sababu nyingine, sijui. Lakini kwa hiyo, hapana. Usinichukie."

"Sikuchukii," Attracta akasema, na ilikuwa kweli. Alikwenda kwenye gari lake, akakaa ndani mpaka vioo vikaingia ukungu.

Alimwambia Zhanna asubuhi ya safari, kwa maneno mepesi aliyoyatafuta usiku kucha. Mtoto alisikiliza mpaka mwisho. "Sawa," akasema. Hilo tu. Akaenda kumalizia kufunga mzigo.

Kiangazi cha nne Zhanna alirudi kama msichana mwingine mwenye sura ileile. Alikuwa na miaka kumi na mmoja, mrefu, Kiingereza kimenyooka, na kila kitu alichokitaka kilikuwa cha kupeleka: betri, sabuni, soksi za pamba jozi nane kwa ajili ya bweni lake. Hakuwa mkorofi. Alimbusu Attracta shavuni alipoambiwa. Kwa mzee tu ndiko alikokuwa yule wa zamani; walicheza karata mchana kutwa, wakiitana mwizi. Ila hakuuliza tena habari za kukaa, na Attracta, aliyekuwa na majibu matupu, alishukuru kutoulizwa, kisha akajichukia kwa kushukuru. Siku ya basi Zhanna hakulia. Watoto wengine walikuwa wakililia familia zilizowapokea, na yeye alikaa dirishani akiwagawia leso.

Mzee Packie alikufa Februari iliyofuata. Kifua kilimziba polepole, wiki tatu. Siku za mwisho alikuwa akichanganya miezi.

"Mtoto keshafika?"

"Bado, Baba. Mpaka Julai."

"Mfungulie mlango. Kunanyesha."

Attracta alimwandikia Zhanna habari za msiba, barua fupi, kwa anwani ya kituo. Haikujibiwa. Hazikuwa zikijibiwa mara nyingi, kwa hiyo hakuwaza vibaya. Alizika, akarudi dobini, na kuanzia Aprili akaanza kununua vitu kimoja kimoja: koti la mvua la mtoto wa miaka kumi na miwili, viatu, shuka mpya. Sasa wangekuwa wawili nyumbani. Alikuwa akijiambia kwamba bila mzee kati yao watalazimika kuongea.

Basi lilipofika ukumbini Julai, Galina aliteremka wa kwanza, na kwa jinsi alivyokwepa kumtazama, Attracta alijua kabla hajaambiwa.

"Anaumwa?"

"Haumwi. Alijitokeza ndugu wa mama yake. Mama mdogo. Akamchukua tangu vuli."

"Akamchukua wapi?"

"Kijijini. Mbali kidogo."

"Miaka yote hiyo huyo mama mdogo alikuwa wapi?"

Galina akamshusha mtoto mmoja kutoka ngazi ya basi. Halafu akasema, "Serikali inawapa ndugu posho ya mtoto. Na binti amekuwa mkubwa, anaweza kukamua ng'ombe."

"Yuko salama?"

"Yuko kwa ndugu zake."

"Nimekuuliza kama yuko salama, Galina."

"Na mimi nimekujibu ninachokijua, dada yangu."

"Nipe anwani basi."

"Hawatoi. Na ningekuwa nayo, nisingekupa. Barua kutoka ng'ambo, kifurushi kutoka ng'ambo, vitamfikia nani? Ataonekana ana matajiri. Watamkamua yeye badala ya ng'ombe. Muache. Ni bora umuache."

Attracta alitaka kugeuka aende zake. Ila Mattie alikuwa amemfikia, karatasi mkononi, na nyuma yake alisimama msichana mdogo wa miaka kumi, mwenye masikio makubwa na kibegi cha nailoni.

"Attracta," Mattie akasema, "kiti cha Zhanna kwenye ndege, walimpa huyu. Anaitwa Volha. Sina nyumba nyingine. Wote wamekwisha kuchukua."

"Mattie, usinifanyie hivyo leo."

"Sina pa kumpeleka. Hata kwangu siruhusiwi, mwanamume peke yake."

Akamtazama mtoto. Mtoto akasema kwa Kiingereza cha kukariri, "Nakujua. Wewe Attracta."

Ndani ya gari, kwa maneno machache ya mtoto, ndipo alipoelewa. Volha alilala kitanda cha jirani na Zhanna miaka yote ile, na kila msimu wa baridi Zhanna aliwasimulia bweni zima habari za nyumba ya kilimani. Walipofika, mtoto alikwenda moja kwa moja kwenye kabati la jikoni, akafungua mlango wa chini, akatazama kopo la biskuti, akalifunga bila kuchukua hata moja. Alihakikisha tu kwamba lipo. Akapanda ngazi akaangalia bafu. Akashuka, akaenda mpaka kiti cha karibu na moto.

"Babu?" akauliza.

"Babu amekufa."

Volha alisimama mbele ya kile kiti kitupu na uso ukamnyong'onyea, kama vile aliyekufa ni babu yake yeye. Attracta akageuka kuwasha jiko, kwa sababu hakuwa na nguvu ya kubembeleza msiba wa mtu mwingine.

Alitimiza wajibu wake. Hilo hakuna anayeweza kumnyima. Alimpeleka kwa daktari wa meno, kwenye maonyesho ya mifugo, na ufukweni mara mbili. Alimpa koti la mvua, likamfika magotini, na viatu alivijazia pamba. Chakula kilikuwa mezani kwa wakati. Lakini kile kitu kilichokuwa kinamtoka chenyewe kwa Zhanna, kwa huyu hakikutoka, na alipokilazimisha alijisikia anaigiza. Volha alikuwa mchangamfu, mwepesi kucheka, hodari wa kufuta vyombo. Pengine angekuja wa kwanza, angependwa yeye. Attracta aliliwaza hilo akiwa anapiga pasi, akaona ni jambo la kutisha, akaendelea kupiga pasi.

Siku ya tano au ya sita alimwita kutoka jikoni, bila kufikiri, "Zhanna! Njoo ule!"

Volha akaja, akakaa.

"Samahani, mpenzi. Volha, nilitaka kusema."

"Sawa," mtoto akasema. "Zhanna sawa."

Likamtoka tena kesho yake, na keshokutwa, kwa kuwa ulimi una njia yake uliyoizoea. Kila mara mtoto aliitika. Hakusahihisha. Wiki ya tatu, Attracta alimkuta mbele ya kioo cha sebuleni akijisuka misuko miwili pembeni, huku akiitazama picha ya Zhanna iliyokuwa ukutani, akilinganisha. Alipoona ameonekana alishtuka, akatabasamu, akageuka ili asifiwe.

Attracta alitakiwa kuzifungua zile nywele, ampakate, amwambie yeye ni Volha na anatosha kuwa Volha. Alijua hivyo palepale. Alisema, "Umependeza," akapita kwenda nje, akaenda kupanga kuni nyuma ya ghala.

Siku ya kuondoka, mlangoni mwa basi, mtoto alimshika kiuno.

"Mwakani Volha?" akauliza. "Volha, Attracta?"

"Tutaona," Attracta alisema.

Galina, aliyekuwa akihesabu watoto, alimwangalia, safari hii bila kukwepa, kisha akampandisha mtoto.

Mattie alikuja dobini mwezi wa Machi. Alisimama kati ya mikokoteni ya mashuka, akizungusha kofia.

"Nimeongea na Galina kwa simu. Yule mdogo anakuulizia. Kila siku, anasema."

"Mpeleke nyumba nyingine."

"Hakuna nyumba nyingine. Watu wamepata fedha siku hizi, Julai wanakwenda Uhispania. Tulikuwa na nyumba thelathini, tumebaki na kumi na moja. Asiyetajwa na familia anaondolewa kwenye orodha. Ndivyo ilivyo."

"Mattie, nilimfanya mtoto wa watu aitikie jina la mwingine. Siwezi kumfanyia hivyo mara ya pili."

"Yeye hakulalamika."

"Ndiyo sababu."

Mattie alifungua mdomo kama mtu mwenye neno jingine kabisa la kusema, lililokaa kwa muda mrefu. Hakulisema. Akavaa kofia yake akaenda.

Kwa wiki nyingi Attracta alijiona ametenda haki. Halafu ile haki ikaanza kumkera. Akipika alisikia mlango wa kabati la chini ukifunguliwa na kufungwa. Akiwaza kituo kile, alichoona si Zhanna tena, maana Zhanna hakuwa huko. Aliona masikio makubwa, na mdomo unaowasimulia wengine kitandani habari za nyumba iliyoko kilimani, na koti la mvua la kufika magotini. Mwishoni mwa Mei aliomba ruhusa nusu siku. Aliendesha gari mpaka dukani kwa Mattie bila hata kuvua aproni.

"Muandike," akasema kabla mlango haujafunga. "Volha. Muandike kwangu. Kila mwaka, mpaka akataliwe kwa umri."

Mattie hakushika kalamu.

"Attracta, orodha ilifungwa wiki mbili zilizopita."

"Ifungue. Wewe si mwenyekiti?"

"Nilimpigia Galina jana kwa habari za ndege. Nilimwulizia mwenyewe, bila kutumwa. Wamepunguza watoto kwenye kile kituo. Kundi la akina Volha limehamishwa mkoa mwingine, kusini huko. Kituo kipya hakina mkataba na nchi yoyote."

"Kinaitwaje?"

"Hakuambiwa jina."

"Basi uliza."

"Nimeuliza. Nitauliza tena. Lakini usiweke tumaini, mama. Mimi sijaliweka."

Attracta alibaki amesimama mbele ya kaunta, mikono ndani ya mfuko wa aproni. Mattie naye alisimama upande wake wa kaunta, na kila mmoja akamtazama mwenzake kama watu waliochelewa basi moja. Mteja akaingia akikung'uta mvua, akaomba misumari ya mabati, na Attracta akasogea pembeni kumpisha.